Sauti Yangu Humsomea Nna Ouerdia

Jumatano, 7 Januari

Kabylia nzima hapa Algeria, toka vilele vya milima ya Djurdjura hadi baharini, hajazaliwa msomaji wa Biblia kama mimi, Ghilas. Nimeamini juzi tu, na tayari nahisi mitume wanasogea kwenye benchi nipate pa kukaa. Shule niliiacha mapema. Ilikuwa hainiwezi.

Da Belaid, mzee wa kikundi chetu cha waumini wapya, katugawa wawili wawili. Kila alfajiri kupigiana simu, kusoma sura moja ya Luka, kisha kila mtu aseme imemgusa wapi. Mwenzetu Aksil kapewa mwalimu wa chuo. Mimi? Nna Ouerdia, yaani Bibi Ouerdia! Mjane, hajui kusoma, na hugombana na kila mtu aliyemo kitabuni. Leo ilikuwa zamu ya Martha, yule aliyekanywa kwa kuhangaika jikoni. Nna kafoka: "Mwacheni Martha! Wote wakikaa kusikiliza, nani atapika? Upepo?"

Nilicheka peke yangu chumbani. Chumba chenyewe kiko juu ya gereji. Baba kanitoa nyumbani niliposema namfuata Yesu, kasema kinanitosha mpaka akili inirudie.

Ijumaa, 9 Januari

Ushindi! Nimesimama kikundini nikatafakari habari za Martha. Maneno ya Nna, sauti yangu. Watu hoi kwa kicheko. Da Belaid kasema ninakua kiroho. Aksil, ambaye hulia kila akisimama, leo kalia bila mtu kumtazama. Baadaye kaninong'oneza: "We bwana, hiyo akili umeazima kwa nani?" Wivu huo!

Baada ya sala gumzo likawa Yennayer, mwaka wetu mpya, Jumatatu. Jogoo wa nani kanona, nani atakula kwa nani. Nikajifanya natafuta kiatu. Nilikitafuta sana.

Jumamosi, 10 Januari

Baridi ya alfajiri inaua mbuzi. Nimepata dawa! Nimejirekodi kwenye simu yangu ya zamani nikisoma sura za wiki nzima. Nimeacha nafasi za Nna kufoka, nikatia "Ndiyo, Nna," "Kweli kabisa, Nna," "Usijali, Nna." Mwisho amina. Kuanzia kesho nitapiga, niweke simu mbili uso kwa uso, nivute blanketi. Yesu naye alilala mashuani, dhoruba ikangoja.

Jumatatu, 12 Januari

Mtambo unafanya kazi! Jana na leo Nna kasomewa, mimi nikikoroma.

Yennayer. Saa ya kula nilipita mbele ya nyumba yetu, polepole, nikikohoa. Mama alichungulia dirishani, akaweka mkono kifuani. Kaka Hocine akafunga pazia. Nikakohoa tena, kidogo tu. Nikarudi. Mkate na dagaa wa kopo. Dagaa angalau walikuwa wengi mle ndani.

Jumanne, 13 Januari

Aksil kapanda gerejini. Hakulia. Kaniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Jana Nna aliwalisha wote wasio na pa kwenda, Aksil akiwemo. Nami nilialikwa! Jumapili, kwenye simu, baada ya sura ya ile karamu ambayo walioalikwa walileta visingizio. Nna aliniuliza kama nitakuja. Nikamjibu kweli kabisa, Nna. Akaniambia nisimwangushe. Usijali, Nna.

"Kakuwekea kijiko," Aksil kasema. "Kila mlango ukilia, 'huyo Ghilas wangu.' Paja la jogoo kalifunika, ole wetu tuliguse. Kuskusi imepoa, bibi wa watu bado anatazama mlango."

Nikamwambia nilikuwa na wageni.

Nimetafakari sana. Kosa liko kwenye rekodi. Nimeirekebisha jioni hii: nimeondoa "Usijali, Nna," nimetia "Umesema nini, Nna? Rudia polepole." Sasa haina dosari. Kesho nalala hadi jua litoke, na Ijumaa Aksil atanikoma.

Kilichoharibika kweli ni kimoja tu. Mwaka huu kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka nije kula kwake, akanialika kwa mdomo wake, nami sikumsikia.