Kuhusu Jenereta ya Jirani Yangu Assumani, Isiyozimwa

Kwa Bwana Shefu wa Kartiye,
Kamina.

Bwana Shefu,

Kwa heshima zote, mimi Mwalimu Timothée ninakuomba, wewe mkuu wa mtaa wetu, umwamuru jirani yangu Assumani, muuza vitenge, azime jenereta yake. Sababu zangu ni hizi:

1. Jumatatu ya juma lililopita niliamka sikio la kushoto limeziba, kama limejazwa pamba. Papo hapo jenereta ikaanza kulia ndani yake: nziiii. Haijazimwa hadi leo. Mafuta anayapata wapi?

2. Jumapili ililia kanisani, katikati ya sala ya kimya. Ameiingiza bila hata kumwarifu pasta.

3. Nilikwenda hadi Kabongo, mbali na hapa, kwenye matanga ya shemeji yangu. Nayo ilikuwako! Nilichungulia chini ya kitanda, sikuiona. Ni dhahiri sasa anayo ya mfukoni.

4. Darasani, wanafunzi wanaokaa kushoto kwangu hawajibu maswali. Niliwaadhibu. Wanadai walijibu, tena kwa sauti. Nimefundisha miaka mingi, Bwana Shefu, na sijapata kuogopa darasa langu mwenyewe. Sasa ninaliogopa.

5. Mke wangu Agar hasikii jenereta yoyote. Sijui Assumani amempa kitenge gani.

6. Dokta naye yuko upande wake. Alinipima, akasema sikio limepoteza usikivu ghafla, na kelele hiyo inatoka kichwani mwangu mwenyewe, kujaza pengo la sauti zisizofika tena. Akaniandikia vidonge, akasisitiza nianze siku hiyohiyo, kwani kuchelewa ni hatari. Nilikataa. Hakuna anayemeza vidonge kwa sababu ya jenereta ya jirani.

Ikiwa huwezi kumkamata Assumani, basi uamuru kartiye nzima ihamie upande wangu wa kulia.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, na karani wako, ambaye juzi, nasikia, alinisalimu nikampita.

Wako katika kelele,
Mwalimu Timothée

N.B. Nikiwa ninafunga bahasha, Assumani alikuja. Agar anasema alinisalimu mara tatu kutoka kushoto. Kisha akazunguka kulia, akanishika bega: "Mwalimu, ile jenereta niliiuzisha kwa basoda ba Base, kule kambi ya jeshi, mwezi uliopita. Kelele iko mu sikio yako. Twende tena kwa dokta, minyi njo nitakupeleka." Pikipiki yake inaunguruma mlangoni, Agar ameniambia. Barua hii atakukabidhi Assumani mwenyewe, maana ofisi yako iko kwenye njia ya hospitali. Tafadhali usimcheleweshe.