Kitanda cha Sheikha

Jumatatu, 6 Oktoba
Binti yangu Sheikha anaolewa Ijumaa. Kitanda juu yangu! Chumba chao kiko Kilindoni, fundi Matano yuko huku Kanga. Futi kamba anayo shemeji yangu Mudrik, lakini kumwomba Mudrik ni kujitakia hotuba. Nimepima kwa kiganja, kutoka ukutani hadi mlangoni: shibiri nane. Nimemwambia Matano. Kazi rahisi!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepeleka mbao za ubavuni Kilindoni kwa bodaboda. Zimeziba mlango! Nilisema nane, naye kapima nane. Ila kapima kwa shibiri yake, na kiganja cha Matano ni pweza. Mke wangu Ummy kaniuliza kwani kwa kaka yake Mudrik kuna mbwa mkali.

Jumatano, 8 Oktoba
Akili mpya. Hakuna kuhesabu! Nimeazima mpira wa kufungia mizigo wa bodaboda, nikauvuta kutoka ukutani hadi mlangoni, nikapiga fundo. Matano kaulaza juu ya mbao, akakata kwenye fundo. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mpira ukivutwa hurefuka, ukiachwa hurudi. Kila mtu anajua. Hata mimi, ila si jana.
Kitanda kimefika kikiwa cha mtoto. Sheikha kajilaza, miguu ikaning'inia. Nikadhani atalia. Kacheka mpaka kashika mbavu: "Baba, na mwenzangu alivyo mrefu, atalala wapi?"
Nikatoka nje. Machoni kama mchanga. Mwanangu mmoja, kitanda kimoja, nimeshindwa.
Nikaenda kwa Mudrik. Hotuba haikuwepo. Kachukua futi kamba, msumeno na mbao zake mwenyewe, kaniambia, "Shemeji, shika mwanzo hapa. Usivute." Nilishika kwa mikono miwili. Hata magharibi haijaingia, tumemaliza.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kitanda kimekaa, mlango unafunguka. Sheikha kanibusu mkono, kasema hakuna kitanda kilichopimwa mara nyingi kama chake. Nikalia mbele ya wakwe! Mudrik kaniachia futi kamba, niwe nayo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ummy anataka pazia. Futi kamba ya nini kwa dirisha dogo? Nimefungua mikono sawasawa na upana wake, nikatoka hivyo hivyo, mikono wazi, kwenda dukani. Njiani nikakutana na imamu. Kanipa mkono. Ningekataa vipi? Dirisha likapotea!
Kesho napita njia ya nyuma.