Pai ya Mwalimu Desimali

Kijiwe chetu kiko nyuma ya gereji, Karatu mjini, pale Mama Eva anapochemshia kahawa yake ya tangawizi. Viti ni matairi yaliyostaafu. Mada zetu ndizo hazistaafu. Juzi, siku ya mnada, redio ya gereji ilitutibua kabla hata sijapuliza kikombe cha kwanza. Mtangazaji alisema wataalamu huko nje wamewasha kompyuta miezi mfululizo wakiitafuta pai, ile namba ya duara, wakapata tarakimu matrilioni, na mwisho wake hawajauona bado.

"Matrilioni ya nini?" akaruka Spana, fundi wetu, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko. "Pai ni ishirini na mbili kwa saba. Iliisha zamani. Tena iliishia kwenye makalio yangu!"

Kisa hicho tunakijua wote. Darasa la sita aliandika tatu nukta moja nne wakati swali lilitaka ishirini na mbili kwa saba, akala viboko vya haja. Aliyemchapa alikuwa amekaa mkabala naye, juu ya tairi la trekta, amekunja nne: Mwalimu Patrisi, mstaafu wa hisabati, ambaye sisi tunamwita Desimali. Ukimwambia umefika saa nne, atakuuliza saa nne na ngapi.

"Nilikuchapa kwa sababu hukufuata maelekezo," Desimali akasema bila kupepesa. "Ishirini na mbili kwa saba si pai. Ni makadirio."

Spana akasimama wima. "Si pai? Mwalimu! Yaani ulinichapa kwa makadirio?"

"Makadirio mazuri."

"Mama Eva, umemsikia? Nidaiwe mimi adabu au nidai mimi makalio?"

"Kaa chini, utamwaga kahawa ya watu," Mama Eva akamjibu.

Hapo Big Five akaona zamu yake imefika. Huyu jina lake ni Kimaren, anaendesha watalii, na miwani ya jua haimtoki kichwani hata Karatu ikifunikwa na ukungu.

"Oya, tulieni niwape kitu laivu. Mwaka huu nilibeba Wamarekani, walimu wa hesabu watupu. Tumeshuka kreta kule hifadhini, faru huyu hapa, mzima, kasimama kama anasubiri kupigwa picha. Nageuka nyuma, chalii wangu, watu wanakata keki ndani ya gari! Nauliza nani kazaliwa? Wananiambia leo ni sikukuu ya pai."

"Namba ina sikukuu?" nikauliza.

"Tatu, kumi na nne. Ndiyo tarehe yake."

Mama Eva akahesabu kwa vidole. "Tarehe tatu, mwezi wa kumi na nne?"

"Wenzetu wanaanza na mwezi, Mama Eva. Ni Machi hiyo."

"Aa, mie nikadhani ndio ule mwezi tulioahidiwa lami ya kwenda Mbulumbulu."

Tulicheka mpaka mafundi wengine wakachungulia kutoka uvunguni mwa magari. Spana alikuwa bado na donge lake.

"Na faru je?" akauliza.

"Faru akaondoka zake. Keki ilimshinda umaarufu."

"Mnaona? Halafu hao ndio wenye akili," Spana akasema. "Kompyuta matrilioni, umeme wote huo, kwa ajili ya duara! Pai ni tatu, basi. Hizo nukta nukta ni makombo, wapeni kuku."

Sijawahi kumwona Desimali akinyanyuka haraka vile. Ungedhani katukaniwa mama.

"Tatu? Umesema tatu? Lete kamba!"

Spana akamrushia kamba ya katani. Mzee akaliburuta tairi la Landkruza hadi katikati, akapima upana wake, kutoka ukingo hadi ukingo, mara tatu kamili, akakata kwa kisu cha Mama Eva bila kuomba. Kisha akaizungusha ile kamba pembezoni mwa tairi, akaivuta, akaivuta tena. Ncha hazikukutana. Palibaki pengo la upana wa kiganja.

"Hiki ni nini?" akauliza, kidole ndani ya pengo. "Haya ndiyo makombo uliyowapa kuku. Anayesema pai ni tatu, duara lake halifungi! Mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata kazi ya kuzungushia bustani ya mchicha uzio!"

Tukampigia makofi, maana haki yake. Naye makofi yakampanda kichwani, akafumba macho na kuanza kuzitiririsha: "Tatu nukta moja, nne, moja, tano, tisa, mbili, sita, tano, tatu, tano..." Kidevu juu, kama kiongozi wa kwaya.

Alikuwa huko mbali kwenye nukta zake Sakaya alipotokea.

Sakaya ni mfugaji wa ng'ambo ya geti la hifadhi. Kila mnada lazima apite kwetu, anywe kahawa na kututania sisi watu wa mahindi na maharage. Siku hiyo hakututania. Mama Eva alimpa kikombe, hakukipokea.

"Fisi ameingia bomani," akasema. "Amechukua ndama wa Nailantei."

Nailantei ni mke wake mdogo. Tulimjua kwa habari za ndama hao: wawili, mama yao alikufa kiangazi, na yeye amewalea kwa chupa kama watoto wa kuzaa.

"Wote?" Mama Eva akauliza.

"Mmoja. Mwingine yupo. Lakini fisi ameshajua njia, leo atarudi. Na Nailantei tangu asubuhi hasemi na mtu."

Big Five akavua miwani. "Yero, si mliwekewa ule wavu wa chuma? Mradi wa Boma Salama. Nimepita hapo na wageni, bango kubwa kuliko nyumba."

"Bango lipo. Wavu upo. Ila haukufika."

"Haukufika wapi?"

"Ulikoanzia." Sakaya akachora duara vumbini kwa fimbo, akaliacha wazi. "Umezunguka vizuri, umefika hapa, umeisha. Hapa gari linapita."

"Si mzibe kwa miiba?" nikamuuliza.

"Miiba ya zamani walituambia tuichome, ni ya kishamba. Mipya haturuhusiwi kukata. Nikawafuata watu wa mradi. Wakasema kipimo ni cha mtaalamu, boma letu ndilo limezidi. Nilipunguze. Nikikataa kulipunguza, basi huo uwazi niuite mlango."

Akacheka, kicheko kibaya.

"Mlango! Kwetu mlango wa boma una mwenyewe. Ukiwa na mji wako, yaani familia na mifugo, una mlango wako, ng'ombe zako zinapita hapo, na jioni unafunga kwa mkono wako. Mimi nina wangu. Kaka yangu Supeet ana wake. Huo mwingine ni wa nani? Nimwamshe nani aufunge?"

Ndipo nikageuka kumtazama mwalimu. Sauti ya Desimali ilikuwa imekatika, sikumbuki kwenye nukta gani. Na kamba ilikuwa bado imezunguka tairi, pengo liko palepale.

"Nani alikuja kupima?" Spana akauliza polepole.

"Hakuja mtu. Walipiga simu, boma lina upana gani? Nikasema mita thelathini. Wakaleta wavu mita tisini."

"Thelathini mara tatu," Mama Eva akasema, naye akageuka. "Mwalimu, si wewe uliyetuambia mradi umekupa kazi ya ushauri wa vipimo? Ulitununulia kahawa kijiwe kizima."

Desimali alikuwa anatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

"Waliniuliza kwa haraka," akasema.

"Ulikuwa huzijui nukta?" akauliza Mama Eva.

"Nazijua."

"Sasa?"

Akavua kofia. "Nilijua ni boma la ng'ombe tu. Si mtihani."

Nilikasirika, sifichi. Afadhali angesema alisahau. Spana, ambaye hukosi kumsikia hata akiwa uvunguni mwa lori, safari hii alisema kwa sauti ndogo: "Mimi niliweka nukta, ukanichapa. Wewe umeziacha, kachapwa Nailantei."

"Nitawaandikia barua. Waongeze wavu."

"Utafika lini?" Sakaya akauliza.

Big Five akamjibia: "Mwezi wa kumi na nne."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Sakaya, na safari hii kilikuwa kicheko chake chenyewe. Akavua shuka yake ya juu, akamvisha Desimali mabegani, akaiweka sawa kwa heshima zote kama anamvisha bwana harusi.

"Mlango umepata mwenyewe. Hongera, Mwalimu, leo una mji. Twende, lori la mnada linaondoka, na mwenye mlango hufunga kabla jua halijazama."

"Mimi? Na fisi?"

"Ndiye jirani yako."

"Na kwenye geti la hifadhi nitasema mimi nani?"

"Mkazi," sote tukajibu kwa pamoja.

Nilidhani atakataa. Alitutazama mmoja mmoja, akaitazama ile kamba, kisha akaitoa kwenye tairi na kuitia mfukoni. Mama Eva akampa tochi na chupa ya chai. Spana akamsukuma makalio kumpandisha kwenye lori, kwa nguvu zaidi kidogo ya ilivyohitajika.

"Mwalimu! Fisi akija, mtajie namba zote! Usimkadirie!"

Lori likaunguruma. Desimali akashikilia bomba la lori, shuka ikimpepea, akainama kwa Sakaya.

"Huo uwazi una upana gani hasa?"

"Wewe ndiye mtaalamu," Sakaya akamjibu. "Leo utaupima kwa kulala."