Nyandwi wa Shati Kavu na Safari ya Kalundu

Tueni mizigo, enyi watu wa Kavimvira! Zimeni pikipiki, nanyi mama wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, funikeni vikapu, mpate kusikia tendo ambalo hakuna mkubwa aliyelikatia utepe: jinsi Nyandwi mwana wa Nizigama, Mbeba-Magunia, ndume wa tambarare ya Ruzizi, alivyokwenda bandarini Kalundu kwa baiskeli akarudi, taratibu.

Mnacheka? Chekeni. Sisi ni watu wa kukimbizwa, na mimi sijasahau. Babu zetu walikimbizwa na fimbo ya mkoloni, baba zetu na kodi, sisi na vita, kisha mto Mulongwe nao ukafurika, ukatukimbiza vyungu vikiwa motoni. Na Nyandwi, miaka thelathini, alitoka Kiringye na magunia ya mihogo mgongoni pa baiskeli, akishindana na malori hadi sokoni, wala ziwa lililo kando ya barabara hakuliona hata siku moja, maana jasho lilikuwa machoni.

Basi Jumapili moja mkewe Marie-Rose, ngome ya nyumba, akasimama mlangoni akatamka mbele ya ukoo, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao:

"Papa Ishimwe, munganga alisema moyo yako imechoka. Lakini weye ukiona gurudumu mbele yako, lazima uipite tu. Nenda Kalundu polepole, urudi. Shati ikirudi na jasho, hii kinga, hii baiskeli yako, naipa ndugu yangu Norbert."

Norbert, mvizia nyara huyo, alikwisha kuja na pampu yake, tayari kuijaza upepo aondoke nayo.

"Itarudi kavu," akasema Nyandwi, akapanda baiskeli kama mwami apandaye kiti chake cha enzi.

Alivaa shati jeupe la misa, na nyuma hakubeba kitu. Baiskeli tupu mjini Uvira! Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwetu, mtu aliyevaa safi, asiyebeba kitu, aendaye polepole katikati ya barabara, ana maana moja: nyuma yake linakuja jeneza. Mathieu, jemadari wa wamotari, wabeba abiria kwa pikipiki, alipomwona akavua kofia, akawasha taa, akapunguza gesi. Wa pili akamfuata, na wa kumi. Walipofika daraja la Mulongwe pikipiki arobaini zilikuwa zikitambaa, na mama Olive muuza mikate akaangua kilio, bila kujua anamlilia nani.

Nyandwi akasikia ngurumo ile nyuma yake. Magoti yakawaka, mbio za miaka thelathini zikampigia ngoma mapajani: Kanyaga! Wasikupite! Lakini akaikumbuka pampu ya Norbert, akageuza shingo kushoto. Ziwa lilikuwepo. Lilikuwa limetulia, na ng'ambo milima ya Burundi imekaa kama wageni waliokwisha kula. Magoti yakanyamaza.

Walipofika Kalundu, Mathieu akamsogelea kwa heshima.

"Pole, papa. Maiti iko wapi?"

"Maiti gani?"

"Sasa nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa, mwanangu. Minye niko natembea tu."

Mathieu akairudisha kofia kichwani. Kisha honi arobaini zikalia kwa pamoja kama tarumbeta za vita.

"Muzee, uko na akili kweli? Tulikuvulia kofia!"

"Tumukimbize mpaka kwake!" wakafoka wamotari.

Nyandwi akaigeuza baiskeli, akaanza kurudi, pedali moja, pumzi moja, katikati ya mvua ya matusi. Hakukimbia. Sikieni vizuri: mtu wa nchi hii alingurumiwa na injini arobaini, naye hakukimbia!

"Mumuache," akasema Mathieu, akitazama ziwani. "Miaka tisa niko mu hii barabara. Leo ndiyo nimeona ziwa."

Nyumbani, Marie-Rose akaingiza kiganja ndani ya kola, akakishusha mgongoni polepole. Ukoo mzima ukasogea karibu.

"Kavu," akasema.

Vigelegele vikapasuka hadi mpakani, na Kavimvira, isiyo na ofisi ya kumbukumbu wala muhuri, ikaiweka siku ile kichwani, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Norbert akachukua pampu yake aende zake.

"Shemeji, ngoja kidogo," akasema Nyandwi. "Gurudumu la nyuma limepunguka upepo."

Norbert akainama, akajaza. Taratibu.