Jani la Pizza ya Mzee Renzo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu hadi saa tano. Nimekwenda kunyoa, nimerudi na wazo.

Kwa kinyozi nimemkuta Selemani, jirani yangu, mkulima wa nyanya na majivuno. Tangu mwaka jana nyanya zake zinaliwa kwa Mzee Renzo, yule Mtaliano mwenye mgahawa wa pizza ndani ya bustani ya michezo, kule juu msituni. Kabichi zangu mimi nani anazila? Viwavi.

Selemani akatangaza, povu likiwa masikioni, kwamba Mzee Renzo anatafuta mtu wa kumletea jani. Kila pizza huwekwa jani bichi juu. Linatoka Arusha kwa basi, linafika limeshakuwa jeusi. Nikauliza ni jani gani. Akasema hiyo ni siri ya kazi. Yaani halijui!

Nitalijua mimi. Nimemwambia Saumu, mke wangu, kwamba Nane Nane tutakwenda kula pizza. Akaacha kuchambua maharage. Akauliza kama ni kwa ajili ya miaka ishirini ya ndoa yetu. Nikasema ndiyo, kwani kuna nini kingine?

Ishirini! Imetimia lini?

Jumatano, 6 Agosti

Matayarisho. Nimeazima koti lenye mfuko mkubwa wa ndani. Nimepata miwani ya marehemu baba. Nitakuwa mtafiti. Watafiti tunawaona kila mwaka wakipita kwenda msitu wa Amani kuhesabu vyura, na hakuna anayewauliza kitu.

Saumu amesuka nywele. Anaulizia treni ndogo ya pale bustanini, ile yenye kichwa cha kinyonga. Anataka kuipanda. Mwanamke wa miaka arobaini na moja! Nimesema tutaona.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Tumefika baada ya swala. Watu wengi, baridi kali, muziki kila kona. Bembea zinazozunguka, mabwawa, kinyonga wa bati anapiga honi. Mgahawa uko katikati, una tanuri la udongo kubwa kama kibanda cha mbuzi. Nimelichungulia kwa muda mrefu. Moto uko upande mmoja, pizza upande wa pili, na haiungui! Kwa nini? Nimeandika swali hilo.

Mhudumu, binti anayeitwa Evelina, akatuamkia vizuri, akaleta pizza. Duara, nyekundu, jibini inavutika kama ulimbo. Na juu yake, jani. Moja tu! Nikalinusa. Nikalitia mfukoni.

Saumu akasema, "Baba Zahoro, umeweka mboga kwenye koti?"

Nikamwambia anyamaze, ni utafiti. Nikamwita Evelina, nikadai pizza yetu haina jani. Akaleta jingine. Mfukoni. Likaja la tatu. Hapo akaja Mzee Renzo mwenyewe, aproni nyeupe, unga hadi kwenye nyusi, akauliza kwa Kiswahili kizuri tu kama kuna tatizo. Nikasema mimi ni mtafiti wa majani. Akauliza wa chuo gani. Nikasema cha mbali.

Ametazama mfuko wangu. Ulikuwa unavuja mafuta.

Kwa kukimbia maswali nikajificha nyuma ya tanuri hadi saa kumi na mbili. Nilipotoka, treni imefungwa. Saumu amekaa peke yake kwenye benchi, pochi mapajani, anaitazama. Pizza yangu ameifunga kwenye karatasi, nisije nikalala njaa. Njia nzima aliibeba mwenyewe. Ningependelea anigombeze.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata! Nimelinusa jani tangu alfajiri. Nimelipaka mkononi, nimelitafuna. Ni kivumbasi! Kile kile tunachochoma kufukuza mbu, kimejaa nyuma ya choo changu! Arusha ya nini?

Nimekata gunia zima. Saumu alikuwa ananiambia kitu dirishani. Nilikuwa na kazi.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ndefu.

Nilifika mgahawani na gunia, Mzee Renzo alikuwa hajafika. Nikamwambia Evelina kwamba gunia hili lilishaagizwa. Akaniamini, Mungu ambariki. Nikakaa karibu na mlango kuwaangalia wateja wangu.

Meza ya kwanza ilikuwa familia iliyotoka kanisani. Baba akatafuna, akaacha kutafuna, akajigusa midomo. Akamwambia mkewe hausikii ulimi wake. Mkewe akajibu kitu, lakini hakieleweki, maana na wake ulikuwa umekufa ganzi. Meza ya tatu bibi mmoja akashangilia kuwa jino lililomsumbua tangu Ramadhani limetulia. Mzee Renzo alipoingia, nikamwelekeza kwa bibi huyo, kama ushahidi.

Mzee Renzo akaonja. Akafumba macho muda mrefu sana.

"Bwana mtafiti," akasema, "hii ni dawa."

Akaninyang'anya gunia, akanirudishia, akanionyesha geti. Selemani alikuwa anashusha nyanya. Alicheka hadi akakalia kreti, na nyanya zikapasuka. Hilo tu lilinifariji.

Jumatatu, 11 Agosti

Selemani ameshamsimulia Saumu. Ameongeza chumvi, ingawa haikuhitajika.

Saumu hakugomba. Akajifunga kanga, akachuma kitu kwenye kopo lake la maua, akaondoka. Amerudi saa nane, mashavu yaking'aa kwa upepo. Kumbe mrehani wake, ule anaowasukia maharusi kwenye nywele, ndio jani lenyewe! Ndugu wa kivumbasi, lakini mpole. Mzee Renzo amelinusa, nusura alie, amesema linamkumbusha dirisha la mama yake. Kuanzia sasa Saumu atampelekea kila wiki. Na amempandisha treni. Mara tatu!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia juzi, dirishani. Kisha akahamia Kishambaa, na akihamia Kishambaa mimi hutoka nje.

Nimekaa kwenye kabichi. Nimefikiri sana. Ningeuliza tu. Ningepanda naye ile treni. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kutosha.

Jumanne, 12 Agosti

Habari kubwa! Bustani inatafuta mwokoaji kwenye bwawa la mitumbwi. Selemani ameomba. Basi nami nimeomba. Wamenihoji kama najua kuogelea, nikasema nimefundisha wengi. Mimi mtu wa milimani, maji ya kina niliyowahi kuingia ni ya beseni. Lakini nimetazama video mbili, na mikono naiweza kabisa nikiwa kitandani.

Saumu amesema niende nikawaambie ukweli. Nimemwambia hajui mambo ya ajira.

Majaribio ni kesho saa mbili asubuhi. Wanasema bwawa si la kina. Hawakusema kwa mtu wa urefu gani.