Mvua ya Ijumaa Iliyofutwa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, wachungaji watatu, vimbunga viwili vyenye majina na meno yangu yote isipokuwa manne. Vipimo vinne vya mvua vimefia mikononi mwangu. Hata siku moja ya kalenda nimeizika: Ijumaa, tarehe 30 Desemba 2011. Serikali iliifuta siku hiyo kwa Samoa nzima ili tuende sawa na majirani zetu wa Australia. Tulilala Alhamisi, tukaamka Jumamosi. Na tarehe 30 Desemba ndiyo siku niliyozaliwa mimi, Pesamino! Hakuna aliyeniuliza.

Shule niliishia darasa la tatu. Lakini kila asubuhi tangu mwaka 1971, hapa kisiwani Savai'i, natazama kipimo changu nyuma ya jiko na kuandika daftarini mvua iliyonyesha. Sijaruka siku. Nikiwa na homa, naandika. Kimbunga kikipita, najifunga kwenye nguzo, naandika.

Sasa watu wa mvua wa mjini Apia wametangaza. Mwenye kumbukumbu ndefu isiyokatika atapewa kipimo kipya cha shaba, jina lake limechongwa juu yake, Jumapili ya tarehe 17, mbele ya kanisa zima. Mahali pa kukiweka nimeshapachagua. Mbele ya nyumba, kimtazame Liufau.

Liufau ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Shemasi. Alianza kupima mwaka 1974. Mtoto mchanga huyo.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya! Binti yangu Fiasili anafanya kazi kwenye kompyuta pamoja na watu ambao hajawahi kuwaona. Wana programu yao ya kutunzia kumbukumbu, jina lake Tanoa. Ni ghala, anasema, ila la bure, na milango yake iko wazi. Bandari na hospitali hulitumia, na yeyote duniani anaruhusiwa kuingia, kutazama ilivyojengwa, na kurekebisha palipoharibika. Mwezi uliopita nilimsomea namba zangu zote, yeye akaziingiza. Za Liufau naye akaziingiza, eti ni adabu. Adabu imezidi.

Leo ameiuliza Tanoa kama nimewahi kuruka siku. Ikajibu: moja.

Mimi! Nikauliza ni ipi hiyo. Tarehe 30 Desemba 2011.

Fiasili akasema hiyo ni kasoro ya Tanoa. Siku hiyo haikuwepo, kwa hiyo wakati ule nikimsomea aliiruka yeye mwenyewe. Tanoa haijui mambo ya Samoa, inadhani nilikuwa nimelala. Na Liufau imemkata hapo hapo. Maana yake mimi na Liufau sote tunahesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka 2011. Sawasawa! Mimi na yule mchanga!

Fiasili amewaandikia mafundi wenzake taarifa ya kasoro. Toleo jipya litatoka Alhamisi ijayo, likirekebishwa nitakuwa mbele kwa miaka mitatu. Akaniambia nitulie tu. Baba, usiguse kitu. Aliniambia hivyo mara tatu, kana kwamba mimi ni mtu wa kugusa vitu.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi mkuu wa Tanoa ni mama mmoja wa Hobart huko Australia, Merridy. Amejibu kwamba anataka ushahidi. Fiasili kampelekea kalenda ya mwaka 2011. Kalenda! Kalenda imepima mvua lini?

Sasa niandike hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kwenye daftari langu la mvua, Ijumaa ile ipo. Tarehe 30 Desemba, milimita kumi na mbili. Mwanamume hafutiwi siku yake ya kuzaliwa hivi hivi. Jumamosi asubuhi nilikuta maji ya milimita ishirini na nne. Nikayagawa. Nusu ya Ijumaa, nusu ya Jumamosi. Haki kabisa.

Kwa nini basi nihesabiwe nimeruka? Merridy anataka ushahidi. Ninao.

Jumamosi, 9 Machi

Fiasili kaenda kwenye mazoezi ya kwaya, simu kaiacha kwenye chaji. Nikapiga picha ukurasa wa Ijumaa ile. Ya kwanza ilitoka kidole gumba. Ya pili mguu, na mguu wenyewe si wangu, sijui ni wa nani. Ya tatu safi kabisa! Kisha maneno. Nilianza baada ya chai, nikamaliza magimbi yakiwa yameshaiva kwenye tanuri la mawe:

MIMI PESAMINO. SIKU IPO. MVUA IPO. SIJARUKA. TAZAMENI.

Nikabonyeza. Ikaenda kwa Merridy na wenzake. Mtu wa darasa la tatu, kazi ya dunia nzima!

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi Fiasili alinipa chai tu. Baadaye akasema sana.

Kumbe kwenye Tanoa hakuna siri. Taarifa, majibu, picha yangu, vyote vinasomwa na yeyote. Nikamwambia vizuri, acha dunia inijue. Akasema, "Baba, dunia ina ndugu zake Liufau pia."

Merridy kauliza kwa heshima zote mzee alipimaje mvua ya siku ambayo haikuwepo. Mjerumani mmoja kauliza kama mvua hiyo ililowesha. Nikamwambia Fiasili awajibu kwamba niligawa nusu kwa nusu. Mtu wa Chile akaandika kwamba hajacheka hivyo tangu mwaka uanze. Wivu.

Lakini ngoja! Mbrazili mmoja kachukua milimita zangu kumi na mbili, kaziingiza kwenye Tanoa kwa tarehe ile ile. Tanoa ikazimeza bila kukohoa! Siku haipo, nayo inapokea tu. Hiyo ni kasoro ya pili, miaka yote hiyo hakuna aliyeiona. Mafundi wa nchi tisa hawakuiona. Mimi nimeiona kwa kidole gumba.

Jioni, kabla ya sala, Liufau kasimama barabarani kajifunga lavalava, shuka yake ya kanisani. Ana mpwa Auckland, mtu mzima na ndevu zake, ambaye hana kazi ila kusoma ya watu.

"Pesamino! Hujambo? Kesho unapima nini, mvua ya mwaka juzi?"

Nikajifanya nachambua shelisheli.

"Basi ukigawa tena maji, nami nikumbuke jirani yako! Nina ndoo!"

Akina mama waliokuwa wakirudi na mikeka yao walicheka mpaka mikeka ikaanguka. Kijiji hiki hakina adabu.

Alhamisi, 14 Machi

Toleo jipya limetoka! Marekebisho thelathini na moja. Fiasili kanisomea yote, nilimlazimisha. La kwanza, Tanoa ilikuwa inazimika watu wengi wakiiuliza jambo kwa pamoja. Hata mimi huzimika. La saba, ilikuwa inapanga vibaya majina yenye alama juu ya herufi. Dogo. La kumi na nne sikulielewa, na Fiasili naye alilisoma haraka haraka, kwa hiyo tuko wawili.

La kumi na tisa: Tanoa haihesabu tena siku iliyofutwa kama siku iliyorukwa. Hilo la Fiasili.

La ishirini! Nalinakili lilivyo: Tanoa sasa inakataa kumbukumbu za siku ambayo mahali husika haikuwepo. Shukrani kwa Pesamino wa Savai'i, aliyepima mvua siku hiyo.

Aliyepima! Wameandika wenyewe. Nilimwambia Fiasili alisome tena. Akalisoma. Tena. Akasema baba, sasa basi.

Kisha habari ya pili. Watu wa mvua wa Apia nao wamesoma. Yule mwenye ndevu wa Auckland kawapelekea mbio mbio, kama vile katumwa na hospitali. Wamesema ukigawa maji, Jumamosi yangu nayo si ya kweli, iliandikwa nusu. Kwa hiyo kumbukumbu yangu imekatika tarehe 31 Desemba 2011. Ya Liufau, kwa rekebisho la binti yangu mwenyewe, haina ufa tangu 1974.

Fiasili alikaa karibu nami. Kisha akasema taratibu: ungetulia tu, baba, shaba ingekuwa yako. Nikamwuliza, na jina langu lingekuwa kwenye la ishirini? Akainuka kwenda kuosha vyombo. Alishindwa.

Jumapili, 17 Machi

Liufau kapewa shaba. Inang'aa, sikatai. Akatoa hotuba, akasema shukrani zake nusu ni za leo na nusu ni za jana. Mabega ya mchungaji yalitikisika. Niliyaona.

Nikasimama. Nikawaambia kanisa zima kwamba kipimo cha Liufau kitakaa kwenye ua wake na kuku watakikalia, lakini jina langu limo ndani ya Tanoa, na kila bandari na kila hospitali duniani itakayochukua toleo jipya itanichukua mimi humo humo. Nikagawa mlangoni karatasi zenye lile rekebisho la ishirini. Fiasili alikuwa amepitia mlango wa nyuma.

Baada ya chakula, nani anavuka barabara na sahani ya palusami ya moto, majani ya magimbi kwa tui la nazi? Liufau. Kakaa. Kazungumzia mvua, kazungumzia goti. Mwishowe katoa karatasi yangu mfukoni, imekunjwa vizuri mara nne, kauliza kwa sauti ya chini mtu afanyeje ili naye aandikwe humo.

Nikamwambia ukweli. Kwanza uwe na kasoro, Liufau. Wewe huna.

Alirudi kwake pole pole. Palusami ilikuwa tamu.

Jumatatu, 18 Machi

Milimita tisa. Keshokutwa navuka bahari kwenda Apia kumwonyesha dada yangu karatasi. Nitakaa mpaka Ijumaa. Kwa kuwa siruki siku, nimeshaandika daftarini mvua ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa: saba, sifuri, kumi na tano. Goti langu halijakosea tangu kimbunga cha kwanza.

Nilimpa Fiasili aziingize kabisa. Hakutaka, nikaingiza mwenyewe. Tanoa imekataa! Inasema siku hizo hazijafika.

Kasoro nyingine! Nimeshapiga picha. Kidole gumba kimeingia kidogo tu. Safari hii nataka niwe wa kwanza, si wa ishirini.

Asiyeamini haya yote amwulize Merridy wa Hobart. Amwulize Fiasili, hasira zikiisha. Amwulize Liufau, ambaye kipimo chake cha shaba, nikikitazama kutoka hapa nilipokaa, kimelala upande. Na kama hao hawatoshi, shahidi wangu ni ile Ijumaa yenyewe. Waitafute.