Uenyekiti wa Mkubwa kwa Umri

Ijumaa, 5 Machi 1993
Vyama vingi vimeruhusiwa, na sisi wastaafu wa Songea tuna chetu! Tumekutana kibarazani kwangu, Mfaranyaki. Watu arobaini! Otto, mshindani wangu tangu tukiwa makarani wa ushirika, alitaka kura ya siri. Nikasema wazee hawapigi kura kama watoto wa shule. Uenyekiti apewe mkubwa kwa umri. Makofi! Tunachagua keshokutwa baada ya misa. Nautaka uenyekiti huu mpaka chakula hakipiti.

Jumapili, 7 Machi
Otto kajigamba kwamba vita vya Majimaji vilimkuta mgongoni mwa mama yake. Mwongo! Nikasema mimi vilinikuta nachunga mbuzi. Nimeshinda! Wote wamenipa shikamoo, Otto wa mwisho, tena kwa kuuma meno. Mke wangu Notburga kasema kumbe mimi ni babu yake, atamwuliza padri ndoa hii ikoje. Wivu. Nimekunywa pombe ya komoni. Ni Kwaresima, ndiyo, lakini komoni ilikuwa ya chama.

Jumanne, 9 Machi
Balaa! Daimu, karani wa pensheni, kaniita ofisini. Kanipa shikamoo vizuri, kisha kauliza: mtu wa Majimaji alistaafuje mwaka juzi akiwa na miaka hamsini na mitano? Kweli, kazini nilipunguza umri ili nikae zaidi. Nani hakupunguza? Kasema pensheni inaweza kusimamishwa. Nikaapa nina hamsini na saba. Nikamwomba asiniamkie tena.

Alhamisi, 11 Machi
Habari za Daimu zimefika hadi Mshangano. Ghafla wanachama wote ni vijana! Otto anasema Majimaji alisimuliwa na bibi yake. Mkutanoni kila aliyeamkiwa aligeuka kutazama nyuma, kama kwamba salamu ni ya mwingine. Chama cha wazee kimekosa mzee. Kimekufa. Nimeumia sana, hata komoni imenishinda.

Jumamosi, 13 Machi
Notburga kanishauri nikapalilie mahindi. Mahindi! Naanzisha chama cha vijana. Wanachama ni wale wale arobaini. Uenyekiti apewe mdogo kuliko wote. Otto tayari anatamba kwamba ana hamsini na mmoja tu. Maskini! Kesho nitatangaza kwamba nilizaliwa baada ya Uhuru. Notburga kanikumbusha kwamba tulifunga ndoa kabla ya Uhuru. Mambo madogo hayo. Nimemwalika Daimu aje kushuhudia.